Daftari la mama na kompyuta ya daktari

Nilikwenda kwa daktari wangu wa familia hapa Leicester kwa sababu ya goti. Baada ya kulikagua, aliigeukia kompyuta, na pembeni mwa skrini palikuwa na kisanduku cha manjano ambacho alinionyesha nikisome mwenyewe: presha yangu haikuwa imepimwa kwa miaka 6. Aliipima palepale, ikasoma 168 kwa 102, nami sikuwa nikiumwa kichwa wala kuona kizunguzungu. Nilipewa kipimo cha kutumia nyumbani, nikapima asubuhi na jioni kwa siku 7, na majibu yaliporudi juu vilevile nikaanzishiwa amlodipine, dawa ya kushusha presha. Goti lilipona kwa mazoezi tu.

Kwa Uingereza hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa kila mtu aliyesajiliwa ana faili moja, na programu hulipitia kila linapofunguliwa ili kumwambia daktari kilichopitiliza muda: chanjo, kipimo cha mlango wa kizazi, presha. Mwenye umri wa kati ya miaka 40 na 74 ambaye hana maradhi ya moyo wala kisukari huitwa kupimwa afya kila baada ya miaka 5, na kompyuta hukadiria uwezekano wake wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Tangu 2004, sehemu ya malipo ya madaktari hawa hutegemea kazi ya namna hiyo, na wapo wanaosema kwamba kisanduku kile huwekwa kwa ajili ya fedha. Mimi sioni ubaya kumlipa daktari kwa kunikinga nisiugue.

Mama yangu, aliyeko Tanga, alipata kiharusi mwaka uliofuata. Niliporudi kumuuguza nilikuta madaftari yake ya hospitali yamefungwa kwa kitambaa ndani ya sanduku, manne, kwa sababu kila akisahau moja nyumbani hulazimika kununua jingine kabla ya kumwona daktari. Nilikaa nayo mkekani usiku kucha. Alikwenda kwa malaria, presha ikaandikwa 170 kwa 100. Alikwenda kwa kifua, 174 kwa 98. Alikwenda kwa mgongo, 180 kwa 104. Tarakimu zote zilikuwa pale, kwa miandiko mitatu tofauti, na kila aliyeandika alitibu kilichomleta siku hiyo akampisha mgonjwa anayefuata. Siwalaumu, maana foleni iliyokuwa nje ya mlango ule naijua, na hakuna binadamu awezaye kukumbuka daftari ambalo hakuletewa.

Ipo kasoro ya huku Uingereza ambayo sitaki tuirithi: kuna daktari atakayeongea nawe dakika 10 nzima macho yakiwa kwenye skrini, na mzee wa kwetu akitendewa hivyo atanyamaza na shida yake arudi nayo nyumbani. Ndiyo maana yule aliyenigeuzia skrini tukaisoma pamoja namheshimu sana.

Wala tusiseme kwamba kwetu haiwezekani. Kadi ya kliniki ya mtoto huonyesha chanjo iliyofikiwa na inayofuata, na mama huulizwa akichelewa. Katika vituo vya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, asiyefika siku yake huitwa mtoro, hupigiwa simu, hata hufuatwa nyumbani. Kazi ya kumkumbuka mgonjwa tunaijua. Tumewanyima tu watu wazima wenye presha na kisukari. Kompyuta niliyoiona nilipompeleka mama hospitali ilikuwa kwenye dirisha la malipo, ikijua kwa hakika nani amelipa na nani bado, ilhali chumba cha daktari kilikuwa na kalamu. Ningeomba inayofuata iwekwe huko ndani.

Kwa sasa mdogo wangu ameyabandika madaftari yote manne kuwa moja, na ukurasa wa kwanza ameupigia mistari ya tarehe na presha, ili daktari yeyote auone kabla ya kuandika.