Mrudisheni Mwandishi Kwenye Seti

Juzi usiku nilimaliza kutazama tamthilia mpya ya sehemu 8, mojawapo ya zile zinazomwagiwa fedha na kusifiwa kabla hazijaanza kuonyeshwa, nikaenda kulala roho inaniuma. Sitaitaja jina, kwa sababu ugonjwa wake si wake peke yake.

Humo ndani kuna mhasibu mmoja mzee. Katika sehemu ya pili anapigiwa simu kuambiwa kwamba bosi wake amekamatwa. Hasemi neno. Anasikiliza hadi mwisho, anarudisha mkonga wa simu mahali pake, halafu anavuta mkono wa shati hadi kwenye kiganja na kuufuta ule mkonga, polepole, kuanzia juu hadi chini. Niliinuka kitini. Mzee huyu anajua jambo! Mwigizaji alikuwa amefungua mlango mkubwa kwa sekunde 10 tu, nami nikakaa kusubiri tamthilia ipite hapo. Sehemu ya tatu akagongwa na gari akafa. Sehemu tano zilizobaki tukaachiwa watu wasiofikia hata nusu yake.

Nina hakika kilichotokea. Siku ile anafuta mkonga, hakukuwa na mtu pale mwenye mamlaka ya kusema: huyu asife, turudi tukaandike upya. Miswada yote minane ilikuwa imekwisha kufungwa, na walioiandika walikuwa wameshatawanyika wanatafuta kibarua kingine.

Ndivyo kazi nyingi za Marekani zimekuwa zikitengenezwa miaka ya karibuni. Wanakusanywa waandishi wachache kwa wiki chache, wanaandika msimu mzima kabla kampuni haijaamua hata kama itaushuti, kisha wanaagwa. Vyumba vidogo, ndivyo wenyewe wanavyoviita. Miezi inapita, kamera zinafika, na katika waandishi wote amebaki mmoja, mwandishi mkuu, anayepaswa kuwa kila mahali kwa wakati mmoja: kwenye seti, kwa mhariri, kwenye simu na wenye fedha. Huyo atapata wapi nafasi ya kumwona mhasibu mzee?

Sasa mkumbuke Breaking Bad, tamthilia ya mwalimu wa kemia, Walter White, anayegeuka mtengenezaji wa dawa za kulevya. Vince Gilligan, mwandishi wake mkuu, alipoianza, mpango wake ulikuwa kijana Jesse Pinkman afe kabla msimu wa kwanza haujaisha. Jesse alikuwa amewekwa pale ili amwingize Walter White kwenye biashara ya dawa za kulevya, basi. Gilligan akamwona Aaron Paul, aliyemwigiza Jesse, akifanya kazi, akawaona yeye na Bryan Cranston, aliyemwigiza Walter, wakisimama pamoja mbele ya kamera, akaachana na mpango ule. Tamthilia ikaendelea kutoka 2008 hadi 2013, sehemu 62, na mtoe Jesse humo uniambie kinabaki nini. Uhai wa kazi ile ulitokana na mwandishi kuangalia kilichotoka mbele ya kamera akiwa bado ana kalamu mkononi.

Na Cranston mwenyewe? Wakuu wa AMC, kituo kilichoionyesha, walikuwa wakimfahamu kama baba wa vituko kwenye tamthilia ya kuchekesha, hawakuona angewezaje kuwa muuza sumu. Gilligan alikuwa anajua. Alikuwa amemwandikia sehemu moja ya The X-Files mwaka 1998, inayoitwa "Drive", akawaonyesha hiyo, wakanyamaza. Alikuwa amekaa The X-Files miaka kadhaa, tamthilia iliyokuwa ikitoa sehemu zaidi ya 20 kwa msimu. Kule anaandika, huku zinashutiwa, na mwandishi anafuata maneno yake hadi kwenye seti, anakaa na waigizaji, anakaa na mhariri, anaona sentensi aliyojivunia ikifa mdomoni mwa mtu na anajifunza kwa nini. Ile ilikuwa shule. Hakuna nyingine.

Angalieni mnyororo ulivyokwenda. David Chase, mwanzilishi wa tamthilia ya The Sopranos, alisoma mswada wa kwanza wa Mad Men ulioandikwa na Matthew Weiner, akamwajiri Weiner kwenye The Sopranos, na Weiner akatoka pale akiwa anajua kuendesha kazi, ndipo mwaka 2007 Mad Men ikaanza kuonyeshwa. Peter Gould alikuwa mmoja wa waandishi wa Breaking Bad, ndiye aliyeandika sehemu anayoingia wakili Saul Goodman kwa mara ya kwanza, na baadaye yeye na Gilligan wakatupa Better Call Saul, sehemu 63. Hawa hawakuokotwa barabarani. Kila mmoja alikaa bega kwa bega na aliyemtangulia hadi akaweza kushika usukani.

Kwa hesabu za kituo cha FX, mwaka 2022 Marekani ilitoa tamthilia 599. Mwaka uliofuata zikashuka hadi 516, nazo bado ni nyingi mno. Kila moja inahitaji mtu anayejua kuiendesha. Yaani wakati ule ule walipohitaji mafundi kwa mamia, ndipo walipofunga shule ya mafundi! Halafu tunakaa kushangaa kwa nini tamthilia inakuwa na picha nzuri, taa nzuri, waigizaji wakubwa, na katikati imelegea kama kamba isiyo na mtu upande wa pili.

Najua jibu la wenye fedha. Zamani mwandishi alilipwa karibu mwaka mzima kwa sababu sehemu zilikuwa zaidi ya 20. Sasa ni 8 au 10, kila sehemu ina gharama ya filamu, na kumweka mwandishi kwenye seti ambaye miswada yake imekwisha kunaonekana ni kulipa mtu akae. Sawa, fedha ina mwisho, silikatai hilo. Lakini hao hao wanajenga mtaa mzima wa mbao kwa ajili ya onyesho la dakika mbili. Mshahara wa waandishi wawili haujawahi kuiua tamthilia yoyote.

Tena kuna watakaonitajia waandishi waliofanya kazi peke yao: Craig Mazin, aliyeandika tamthilia ya Chernobyl mwaka 2019, au Nic Pizzolatto na sehemu 8 za True Detective mwaka 2014. Nazikubali zote mbili, tena nazipenda. Chernobyl ni hadithi iliyokwisha tokea, ajali ya kinu cha nyuklia, mwanzo na mwisho wake vinajulikana. Na msimu wa pili wa True Detective mnaukumbuka ulivyopokelewa vibaya.

Mambo mengine yananiudhi pia. Tamthilia ya Severance ilifunga msimu wa kwanza Aprili 2022, ikarudi Januari 2025, watu wameshasahau nani alikuwa nani. Westworld iliondolewa HBO Max, kwenye jukwaa la kampuni iliyoitengeneza. Tamthilia zinakatwa katikati ya sentensi. Hayo yote yanauma, lakini yanaipata kazi ikiwa imekwisha kuzaliwa. Hili la waandishi linaipata tumboni.

Ndiyo maana mgomo wa waandishi wa Marekani wa 2023, siku 148 kuanzia Mei 2, niliufuatilia kila siku. Magazeti yalizungumzia zaidi akili mnemba. Mimi nilikuwa natafuta kipengele kimoja cha mkataba mpya, na kilipatikana: idadi ya chini ya waandishi kulingana na urefu wa msimu, na waandishi wasiopungua wawili kubaki kazini wakati wa kushuti. Anayeandika msimu wote peke yake hahusiki na kanuni hiyo, na kubaki kazini si lazima kuwe kusikilizwa. Hata hivyo niliposoma nilifurahi sana. Watu walikaa bila mshahara karibu miezi mitano ili mwenzao aruhusiwe kusimama karibu na kamera.

Jana nilirudia sehemu ya pili. Nikaitazama ile simu mara tatu. Mara ya tatu niliona kitu kingine: akishamaliza kuufuta mkonga, mzee anautazama mkono wake wa shati, kisha anaukunja kwa ndani, upande uliochafuka usionekane. Jina la aliyeandika sehemu hiyo lipo mwanzoni, na halionekani tena kwenye sehemu nyingine yoyote. Ningependa sana kujua siku ile alikuwa wapi, na kama kuna mtu aliyempigia kumwambia.