Marehemu kaitwa mwandishi, Mary kaambiwa asante

Kuna ukurasa mmoja ambao kila nikiutazama unanikera. Ni jalada la ripoti ya maabara ya Los Alamos, Marekani, ya Mei 1955. Waliofanya kazi wametajwa: Fermi, Pasta, Ulam, Tsingou. Walioandika ripoti: Fermi, Pasta, Ulam. Wanne wameingia shambani, watatu wametoka na magunia.

Sasa hesabu nami. Mwanafizikia Enrico Fermi alifariki Novemba 1954. Ripoti inatoka, mwenyewe yuko kaburini miezi sita. Marehemu kahesabiwa mwandishi, na Mary Tsingou aliye hai kapewa sentensi moja ya shukrani, eti kwa kuandaa programu vizuri na kuendesha hesabu kwenye MANIAC, kompyuta ya maabara hiyo. Simnyimi Fermi haki yake, ni mmoja wa walioleta wazo. Ila mtu asiniambie kwamba mwandishi ni yule aliyeshika kalamu.

Mary alizaliwa Milwaukee mwaka 1928, wazazi wake Wagiriki. Alisoma hisabati, akaingia Los Alamos mwaka 1952. Vita vya Korea vilikuwa vimewazoa vijana wa kiume, ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba na wanawake wanajua hesabu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chukua vitu vizito vidogo, kama 32 au 64, uviunganishe kwa springi katika mstari mmoja, kisha uutikise mstari kwa wimbi moja pana. Springi hizo zina ukaidi kidogo, nguvu yake haiongezeki sawasawa na unavyozivuta. Nishati itakwenda wapi? Wote walitarajia itawanyike kwenye mawimbi yote na ibaki imetawanyika. Ukishakoroga sukari kwenye chai hungoji ijikusanye tena kijikoni. Lakini kwenye MANIAC ilijikusanya! Baada ya muda karibu nishati yote ilirudi kwenye wimbi lile la mwanzo. Fumbo hilo ndilo lililowafikisha wanasayansi Zabusky na Kruskal kwenye solitoni, yaani wimbi la pekee linalosafiri bila kupoteza umbo lake, mwaka 1965.

Na mashine haikuwa ya kubonyeza kitufe. Kila hatua ilibidi mtu aifikirie, aipange, aiandike kwa lugha ya mashine yenyewe. Mchoro wa mtiririko wa hesabu hizo alioutumia Mary upo mpaka leo, una tarehe 20 Mei 1955. Kumwita mtu huyo msaidizi ni sawa na kumwita fundi mwashi msaidizi wa mwenye ramani.

Mimi nimeonja kidogo. Ofisi moja niliijengea mfumo mzima wa takwimu, nikatajwa ukurasa wa mwisho kwa "msaada wa kompyuta". Nilicheka, maana kulia kungenichelewesha daladala.

Ndoa nayo ikamficha zaidi. Aliolewa mwaka 1958, akawa Menzel. Mwaka 1972 yeye na James Tuck walichapisha hesabu ndefu zaidi za tatizo lilelile, ila msomaji aliyeona "Menzel" angejuaje kwamba ni yuleyule Tsingou? Mpaka mwaka 2008, mwanafizikia Mfaransa Thierry Dauxois alipoandika kwamba tatizo lililozoeleka kuitwa FPU, yaani Fermi, Pasta na Ulam, liongezwe T ya Tsingou.

Mimi siku hizi naandika FPUT. Kijana mmoja kaniuliza hiyo T imetoka wapi. Nimemtumia picha ya jalada.