Anayekupigia Kelele Siye Anayekula Zaidi

Mwalimu mwenzangu mmoja alinijia nyumbani jioni, baada ya Maghrib, simu yake ameizima. Aliilaza kifudifudi mezani kana kwamba ni kitu cha kuuma. "Mwalimu, nikiiwasha tu wananipigia," akasema. Siku hiyo walikuwa wameshampigia mkwewe, kisha mwalimu mkuu, kwa ajili ya mkopo wa simu wa shilingi 12,000. Amenipa ruhusa nisimulie habari yake mradi nisitaje jina lake wala shule.

Nimo kwenye kamati ya mikopo ya sacco yetu, yaani chama cha akiba na mikopo, hapa Pwani ya Kenya kwa mwaka wa sita sasa, na kabla ya hapo nimedaiwa hadi nikawa napita njia ya nyuma nisionane na watu. Jambo moja nimeliona likijirudia kwa watu wengi mno: tunamlipa kwanza anayetuaibisha, si anayetumaliza. Na wakopeshaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Nilichukua daftari la hesabu la mwanangu, tukaandika. Mkopo wa simu, 12,000. Shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, 20,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba ya siri anazo huyo shailoki. Sacco, salio la 180,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi. Duka la mtaani, 6,500 za unga, mafuta na sabuni. Nilimuuliza ni deni lipi linalomkosesha usingizi, akaonyesha simu bila kusita.

Kisha nikaandika pembeni kila deni linakula kiasi gani kwa mwezi, mbali na mkopo wenyewe. Sacco, deni kubwa kuliko yote, 1,800. Mkopo wa simu, 900 na kodi juu yake. Shailoki, 4,000. Alikuwa amelipa riba hiyo miezi mitano mfululizo, yaani 20,000 zimeshatoka, na bado anadaiwa 20,000 zile zile. Na alimwendea shailoki kwa sababu gani? Ili amnyamazishe wa simu aliyemkopa mwanzo. Halafu akakopa tena kwenye simu ili mwezi uishe. Shailoki hakuwahi kumpigia hata siku moja. Mtu mwenye kadi yako ana haja gani ya kukupigia?

Aliitazama ile 4,000 kwa muda mrefu, kisha akanyamaza.

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Aliomba mkopo wa dharura wa sacco ili awamalize shailoki na wa simu, 32,000 kwa miezi 12, riba ikipungua kadiri salio linavyopungua. Malipo ya mwezi wa kwanza hayakufika 3,000, na ndani yake mkopo wenyewe unapungua. Kabla ya hapo alikuwa akiwapa hao wawili karibu 5,000 kila mwezi kwa riba na ada tu. Najua tunaambiwa usilipe deni kwa deni. Mimi nasema inategemea. Kuhama kutoka asilimia 20 kwenda asilimia 1 ni kutoka shimoni. Kuhama kutoka simu moja kwenda simu nyingine ni kuchimba.

Ilibidi tutazame karatasi yake ya mshahara, kwani Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote yazidi theluthi mbili ya mshahara. Watu wengi huja kwetu wakati nafasi hiyo imeshajaa, na hapo kamati hata ikikuhurumia haina la kufanya. Njoo mapema. Njoo mwezi ule ule ulioanza kukopa ili ulipe kodi ya nyumba, si mwaka mmoja baadaye. Na waambie wadhamini wako ukweli wote, maana ukishindwa ni akiba yao inayokatwa. Nimeona ndugu wasiosemezana kwa ajili ya sahihi moja.

Wa simu nao wana dawa yao. Mkopo wa M-Shwari, kwa mfano, hutozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na usipolipa unaongezewa siku 30 nyingine na ada nyingine kama hiyo. Hiyo ni ada ya mwezi, si ya mwaka, ingawa tunaisoma kama ya mwaka. Ama kukupigia wakwe na wakubwa wako wa kazi, kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kabisa kuwaingilia watu walio kwenye simu yako na kumfedhehesha mdaiwa. Chukua picha za ujumbe, andika tarehe na namba, kisha peleka malalamiko Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Angalia pia kama mkopeshaji huyo ana leseni, kwani orodha ya wenye leseni hutolewa hadharani. Kulalamika hakufuti deni, na mimi sisemi usilipe. Kunakupa utulivu wa kulipa kwa mpango wako badala ya kulipa kwa hofu.

Kuhusu CRB, zile kampuni zinazoweka kumbukumbu za jinsi unavyolipa mikopo, hofu yetu imezidi kiasi. Ripoti yako unaweza kuipata bure mara moja kwa mwaka, nawe una haki ya kulalamika ikiwa na kosa. Iombe kabla hujaanza kumlipa mtu yeyote, maana wengine hukuta humo mikopo waliyokwishasahau, au waliyokwishalipa na haijafutwa.

Kwa mkopo wa benki uliokushinda, andika barua. Usiende kuongea tu na kijana wa kaunta. Andika, omba muda uongezwe ili malipo ya mwezi yapungue, peleka nakala mbili na moja igongwe muhuri. Na jua kwamba Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, imeweka mpaka: mkopo ukishaacha kulipwa, riba ambayo benki inaweza kukudai kuanzia hapo haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo wenyewe kilichobaki siku hiyo. Ulibaki na 100,000? Benki haiwezi kukudai zaidi ya 200,000, ukiondoa gharama za kulifuatilia deni. Ninawajua watu waliouza shamba la urithi kulipa zaidi ya hapo kwa sababu hawakuuliza.

Kuna pia mlango ambao karibu hakuna anayeuzungumzia. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa mtu asiye na mali yoyote wala uwezo wa kulipa, mwenye madeni ya kati ya 100,000 na milioni 4. Anaomba kwa Mpokeaji Rasmi, ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya ufilisi, na akikubaliwa, baada ya miezi 12 madeni yale yanafutwa. Haumfai mwalimu mwenye mshahara, na anayedanganya kuhusu mali yake anajiharibia. Lakini mjane aliyeachiwa madeni ya biashara iliyokufa, ambaye hana hata kitanda cha kuuza, ana haki ya kuujua. Kwa mwenye kipato kidogo ipo amri ya kulipa kwa awamu chini ya sheria hiyo hiyo.

Asiye na sacco ana chama cha kuchangiana kwa zamu. Omba kubadilishana zamu na mwenzako ambaye hana haraka mwezi huu. Watu hukubali kuliko unavyodhani. Ukiuza kitu, uza runinga, acha cherehani.

Shailoki alirudisha kadi ikiwa imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilimwambia mwalimu aende benki siku hiyo hiyo abadilishe namba ya siri. Alikwenda.

Lilibaki deni la duka. Kwa hesabu zangu lilikuwa la mwisho, kwa kuwa halina riba na mwenye duka hakuwahi kumdai hata kwa jicho. Hapo alinikatalia. "Huyu amewalisha wanangu," akasema, "na yeye mwenyewe anachukua mali kwa mkopo kule sokoni." Alianza kumpelekea 500 kila Jumamosi. Jumamosi ya 13 mwenye duka alifungua daftari lake lenye jalada lililolowa mafuta, akapiga mstari kwenye ukurasa mzima, akamgeuzia aone.