Rosenwald: hela za tajiri, harambee ya maskini

Ukitaja familia ya Kiyahudi yenye hela watu wanakimbilia Rothschild, mi naona ya Rosenwald wa Chicago ndo ina mambo. Mzee Samuel alitoka Ujerumani 1854 akaingia Marekani akawa muuza nguo, mwanae Julius akaja kuwa bosi wa Sears, ile kampuni ya kuuza vitu kwa katalogi, akapiga hela mpaka basi.

Kuanzia 1912 Julius na Booker T. Washington, mwalimu mweusi aliyekuwa na jina kubwa, wakaanza kujengea watoto weusi wa kusini mwa Marekani shule, zikafika karibu 5,000. Ilikuwa harambee tu, yeye anatoa kipande, serikali inatoa, wazazi weusi nao wanachanga, mwenye hela hela, asiye nazo anabeba mbao au anashika nyundo, na ukipiga hesabu za mwisho weusi walitoa kumzidi hata yeye, ila mpaka leo zinaitwa shule za nani? Za Rosenwald.

Wanaomponda wana hoja nzito. Wale wazazi kodi walikuwa wanalipa, inaenda kwenye shule za wazungu, halafu wanaambiwa wachange tena! Na hela za Julius zenyewe, 1913 maseneta wa Illinois walimweka kitimoto kuhusu mishahara kiduchu ya wasichana wa Sears.

Ila jiulize, serikali zile za kibaguzi zingetoa hela bila mtu kuzibana kwa sharti la "toa nami nitoe"? Mi sidhani. John Lewis, mpigania haki za weusi aliyekuja kuwa mbunge, na mwandishi Maya Angelou walisoma kwenye hizo shule, na hao sio watu wadogo.

Kinachonikosha mimi ni kwamba Julius hakutaka mfuko wake wa misaada uishi milele, aliagiza uishe ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki 1932, ukafungwa 1948, mapema kabisa. Matajiri wangapi wanakubali hilo, wengi si wanataka jina lidumu tu.

Na 1948 hiyohiyo Israel ikazaliwa, huku wanawe wakivutana: Lessing, aliyeongoza Sears baada ya baba, alikuwa kinara wa Wayahudi waliopinga taifa la Kiyahudi, wakati mdogo wake William anazunguka kuchangisha hela za United Jewish Appeal, mfuko wa Wayahudi wa Marekani wa kusaidia wenzao, wakiwemo waliokuwa wanahamia Israel. Baba mmoja, urithi mmoja, na mezani sijui walikuwa wanaongea nini.