Nembo ya Askofu Ifundishwe Parokiani

Kwenye kikao cha jumuiya hapa Moshi tulikuwa tunachagua kitenge cha sherehe. Sampuli moja ilikuwa na nembo ya Askofu wetu, yaani mchoro wa ngao yenye alama alizochagua mwenyewe, nyingine ina picha yake. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Hiyo nembo ni mambo ya Wazungu, nani anaielewa? Tuweke picha." Watu wakaitikia, tukahamia kwenye michango. Maneno yale bado yananiuma.

Nakubali nusu tu. Ni kweli desturi hii ilitokana na wapiganaji wa Ulaya waliochora alama kwenye ngao ili watambuane vitani. Lakini tangu lini sisi wa ukanda huu tukawa wageni wa ngao yenye alama? Nenda Arusha ukawaulize wazee wa Kimaasai. Ngao ya morani ilipakwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, na michoro yake ilieleza mwenyewe ni wa rika gani na ametoka upande upi. Aliyejua kuisoma alimtambua mtu kabla hajamwona uso. Nembo ya Askofu inafanya kazi hiyohiyo, na anayeiita ya Wazungu anawasahau babu zake.

Mtazameni Papa Leo XIV. Alizaliwa Chicago mwaka 1955, akaingia Shirika la Mtakatifu Augustino mwaka 1977, akapelekwa Peru mwaka 1985 akiwa padre kijana, na mwaka 2015 akawa Askofu wa Chiclayo. Ngao yake imegawanywa mshazari. Juu, kwenye buluu, kuna ua jeupe la yungiyungi, alama ya Bikira Maria. Chini kuna kitabu kilichofungwa, na juu ya kitabu moyo uliochomwa mshale. Hiyo ni alama ya shirika lake, kwa sababu Augustino alikiri kwamba Neno la Mungu ndilo lililomchoma moyo akaongoka. Kaulimbiu nayo ni ya Augustino huyohuyo, alipokuwa akihubiri juu ya Zaburi: katika yule Mmoja, sisi ni wamoja. Mtu aliyeacha kwao Marekani akawafanya watu wa Peru kuwa ndugu zake angechagua maneno gani mengine? Na alipochaguliwa tarehe 8 Mei 2025 hakuviacha vitu hivyo nyuma. Ngao aliyokuwa nayo akiwa Askofu aliingia nayo kwenye upapa. Picha ingetuonyesha sura yake. Ngao inatuonyesha kilichomlea.

Hata vishada vinavyoning'inia pembeni mwa ngao, kutoka kwenye kofia iliyochorwa juu yake, vinasema. Nembo ya Askofu ina kofia ya kijani yenye vishada sita kila upande. Ya Askofu Mkuu ina kumi, na msalaba ulio nyuma ya ngao una mapingo mawili. Baba Askofu Isaac Amani alipotolewa kwetu Moshi mwaka 2017 na kupewa Jimbo Kuu la Arusha, kwa utaratibu huo alitoka kwenye sita akaenda kwenye kumi. Ni waumini wangapi tumewahi kuelezwa hilo kanisani?

Mimi nina hamu moja kubwa. Mwana wa mlima huu wa Kilimanjaro akiitwa tena kuwa Askofu, natamani nione mmea wetu wa isale kwenye ngao yake. Mchaga akikujia na isale mkononi kuomba msamaha, huwezi kumfukuza, hata kama kosa lake ni zito kiasi gani. Ipo alama gani inayomfaa zaidi mtu aliyepewa mamlaka ya kuondolea dhambi? Mlima ni mzuri, sawa, na kahawa ina historia yake tangu wamisionari wa Kilema. Lakini isale linabeba Injili ndani yake, na liko kwenye mpaka wa kila kihamba, shamba la ukoo la Mchaga.

Kilatini cha kaulimbiu kwenye nembo kibaki, sina ugomvi nacho, mradi Kiswahili kiandikwe chini yake.

Ninachowaomba mapadre na makatekista ni hiki. Askofu anapokuja parokiani kutoa Kipaimara, wiki moja kabla ibandikeni nembo yake ukutani, wafundisheni watoto alama moja baada ya nyingine. Kisha siku yenyewe, baada ya Misa, mtoto mmoja aruhusiwe kumwuliza, "Baba Askofu, kwa nini ulichagua hizi?" Naamini atafurahi kujibu, na wazazi walio nyuma watasikia.