Elesin Oba: Sauti Imerudi, Mpito Umepungua

Filamu ya Elesin Oba: The King's Horseman ilipoanza kuonyeshwa Netflix mwezi Novemba 2022, miezi miwili baada ya kuzinduliwa katika tamasha la filamu la Toronto, wahakiki waligawanyika kwa namna inayostahili kutazamwa kwa utulivu. Wapo waliosema kwamba imeing'ang'ania mno tamthilia iliyoizaa hata ikashindwa kuwa filamu. Wapo waliosema, kinyume chake, kwamba imeiacha roho ya tamthilia hiyo na kubaki na mifupa ya kisa. Ni vigumu kuzikubali hukumu hizi mbili kwa pamoja, lakini naamini kila upande umegusa jambo la kweli, ingawa si lile ulilodhani umeligusa.

Tamthilia yenyewe ni Death and the King's Horseman ya Wole Soyinka, iliyochapishwa mwaka 1975. Chimbuko lake ni tukio lililotokea katika mji wa Oyo, kwenye nchi ya Wayoruba, Nigeria. Mfalme wa Oyo, Alaafin Siyanbola Ladigbolu, alifariki Desemba 1944, na kwa mujibu wa desturi msimamizi wa farasi wake, Jinadu, alitakiwa kumfuata. Mwanzoni mwa Januari 1945 Jinadu aliingia mjini akiwa amevaa nguo nyeupe, akacheza ngoma akijiandaa kufa. Afisa wa Kiingereza akaamuru akamatwe, na mwanawe mdogo, Murana, akajiua mahali pa baba yake. Soyinka alimgeuza kijana huyo kuwa Olunde, mwana mkubwa anayesomea udaktari Uingereza. Akampa Elesin, msimamizi wa farasi, kosa lililo lake mwenyewe: siku ile ile anayopaswa kufa anamtamani binti aliyekwisha kuposwa na mwana wa Iyaloja, kiongozi wa wanawake wa sokoni, anamwomba, na anapewa. Kisha saa inafika, naye anasitasita.

Biyi Bandele, aliyeiongoza filamu hii, alikuwa mtu wa jukwaa kabla ya kuwa mtu wa kamera. Alifariki tarehe 7 Agosti 2022, takriban mwezi mmoja kabla ya Toronto. Sehemu ya mapokezi ya kwanza, basi, ilikuwa pia maombolezo, na anayezirudia tahakiki za majuma yale hana budi kulikumbuka hilo.

Shutuma iliyojirudia ni kwamba filamu haijavua nguo za jukwaani. Watu husimama wakatoa maneno marefu, wanawake wa sokoni hujipanga kana kwamba wanaelekea safu za viti, na sauti hupazwa pale ambapo kamera ingetosheka na mnong'ono. Hilo lipo, na halihitaji kutetewa kwa nguvu. Lakini mhakiki anayeuchukua urefu wa maneno kuwa kasoro yenyewe amekosea. Aliyewahi kukaa ndani ya nyumba siku washenga walipoleta posa anajua kwamba maneno ya kuzunguka, mafumbo na majibu ya mafumbo si mapambo yanayochelewesha shughuli. Hayo ndiyo shughuli. Hakuna mshenga anayebisha hodi na kusema moja kwa moja kwamba amekuja kuomba mke. Kadhalika, Elesin anapotamba sokoni juu ya utayari wake wa kufa, anatenda jambo: anajifunga kwa ulimi mbele ya watu, na kila neno analoliongeza linazidi kumbana. Aibu yake ya baadaye haipimiki bila maneno yale. Ukiyapunguza ili filamu iende mbio, utapata mtu aliyekamatwa na polisi, na utamkosa mtu aliyevunja kiapo.

Upande wa lugha ndio ninaouona kuwa mzito kuliko yote, nao ulisifiwa upesi mno na wengi walioupenda. Bandele aliwafanya Wayoruba waseme Kiyoruba. Ukiliwaza kwa haraka utasema ni jambo la haki lililochelewa: watu wa Oyo wa miaka ya 1940 wangezungumza lugha gani nyingine sokoni kwao? Wala hakuwa wa kwanza kuirudisha kazi hii nyumbani, kwa kuwa Akinwumi Isola alikuwa ameitafsiri tamthilia kwa Kiyoruba katika miaka ya 1990. Faida yake ni kubwa. Kiyoruba ni lugha ya toni. Neno hubadilika maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma ya dundun huweza kusema kwa sababu hufuata toni hizo hizo. Katika matini ya Kiingereza ngoma inasikika huku na maneno yanasikika kule. Katika filamu vimekuwa kitu kimoja tena, na mwimbaji wa sifa, Olohun-iyo, anayeigizwa na mwanamuziki Brymo, anapoimba haiwezekani kusema ni wapi hotuba imeishia na wimbo umeanzia.

Hata hivyo kuna kilichopotea, na wanaoishangilia filamu kwa ajili ya lugha wanapaswa kukikabili. Katika tamthilia ya Soyinka, Elesin na Iyaloja wanasema Kiingereza cha kina, chenye taswira na methali zilizofumwa kwa ufundi mkubwa, ilhali Simon Pilkings, afisa wa wilaya ambaye lugha hiyo ni ya mama yake, anasema Kiingereza kikavu cha ofisini. Askari wake Mwafrika, Amusa, anababaika kati ya lugha mbili. Msikilizaji anatambua, bila kuambiwa, kwamba mtawala ni maskini ndani ya lugha yake mwenyewe na mtawaliwa ni tajiri ndani ya lugha ya kuazima. Huo ni ushindi uliopatikana katika kila sentensi ya kitabu. Kwenye skrini, ambako kila mtu anasema cha kwao, ushindi huo hauna tena pa kutokea. Elesin hashindani na Pilkings kwa ufasaha. Wanaishi katika lugha mbili zisizokutana.

Tena kuna sisi tusiojua Kiyoruba. Tunaotazama kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura tunasikia lugha moja na kusoma nyingine chini ya skrini, katika mistari miwili inayokaa sekunde chache kisha ikapotea. Methali inahitaji muda wa kutulia kichwani. Maandishi ya chini ya skrini hayana muda huo, kwa hiyo mtafsiri hulazimika kutoa maana na kuacha fumbo. Hivyo mtazamaji wa huku anayelalamika kwamba mazungumzo ni ya kawaida mno huenda hakuhukumu filamu, amehukumu muhtasari wake. Hapa kuna jambo linalotuhusu kwa karibu. Soyinka mwenyewe, katika miaka ile ile ya 1970 alipoitoa tamthilia hii, aliwahimiza waandishi wa Afrika wakikubali Kiswahili kiwe lugha ya bara zima, na kazi yake nyingine imekwisha kusomwa kwetu kama Masaibu ya Ndugu Jero. Tafsiri ya Kiswahili ya maneno ya Elesin ingekuwa na pa kushika: tunazo methali, tunayo majibizano, tunao utani wa kutamba mbele ya hadhara. Kumsikia mtu wa Oyo kwa Kiyoruba na kumsoma kwa Kiingereza ni njia ndefu sana kwa mtu wa Kisumu au Kigoma.

Kuhusu waigizaji, mjadala ulikuwa mkali zaidi juu ya Odunlade Adekola, aliyemwigiza Elesin, nyota wa filamu za Kiyoruba anayejulikana sana kwa vichekesho. Baadhi waliona kwamba uso unaochekesha umati haufai kubeba msiba wa namna hii. Mimi naona uteuzi ule ulikuwa sahihi kwa nusu ya kwanza. Elesin wa mwanzo ni kipenzi cha soko, mtu wa tumbo, wanawake na maneno, ambaye kila mtu anafurahi kumwona. Bila mvuto huo hatuwezi kuelewa kwa nini Iyaloja anashindwa kumkatalia. Adekola ana mvuto huo hata kabla ya kufungua kinywa. Ninapokubaliana na wakosoaji ni katika sehemu ya korokoroni, ambako Elesin anapaswa kutafuta wa kumlaumu, aanze na Wazungu, apite kwa miungu na kwa mke mpya, kisha afike kwenye udhaifu wa nia yake mwenyewe. Safari hiyo ya ndani inaonekana kama huzuni moja isiyobadilika. Shaffy Bello, kama Iyaloja, ndiye anayeibeba sehemu hiyo, kwa ukali wa mama aliyetoa alichokuwa nacho akalipwa fedheha.

Wahusika Wazungu nao walilaumiwa kwa kuwa vibonzo. Katika tamthilia Pilkings na mkewe Jane wanajiandaa kwa dansi wakiwa wamevaa maleba ya egungun, mavazi matakatifu ya mizimu ya wahenga yaliyotekwa na serikali, na Amusa, ingawa ni Mwislamu, anakataa kuzungumza habari za kifo mbele ya mtu aliyevaa nguo za kifo. Jukwaani wawili hawa wanaweza kuwa vibonzo bila hasara. Mwaka 2009 National Theatre ya London iliwatumia waigizaji weusi waliopakwa rangi nyeupe usoni, na Pilkings aliigizwa na Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Ule upakaji rangi uliwaambia watazamaji kwamba huyu ni mkoloni kama anavyoonwa kutoka sokoni. Kamera haikubali mapatano ya aina hiyo kwa urahisi. Inapomwonyesha Mzungu halisi ndani ya nyumba halisi, inadai awe mtu mzima, mwenye hofu na sababu zake, na filamu hii haikumpa vitu hivyo vya kutosha. Hapo, kwa maoni yangu, wanaosema filamu imekaa karibu mno na jukwaa wako sahihi kabisa.

Wanaosema imejitenga na roho ya tamthilia wanasimama juu ya onyo la Soyinka mwenyewe. Katika maelezo yaliyotangulia tamthilia aliwakanya waongozaji wasiipunguze kazi hii kuwa ugomvi wa tamaduni mbili, akasema kwamba ukoloni ndani yake ni kichocheo tu, na kwamba mapambano yenyewe yako katika ulimwengu wa Wayoruba: walio hai, waliokufa, wasiozaliwa, na njia ya mpito inayowaunganisha. Filamu iliyonadiwa duniani kote kama kisa cha kweli cha enzi ya ukoloni inaanza tayari ikiwa imeelemea upande aliouogopa. Mtu asiyejua lolote anaiona kwa saa moja na nusu na kuondoka na swali moja: je, afisa yule alikuwa na haki ya kumzuia mtu asife? Ni swali halali, na Olunde analijibu vizuri anapomkumbusha Jane, aliyetoka kusimulia habari za nahodha aliyejilipua pamoja na meli ili kuwaokoa watu wa bandarini, kwamba hata kwao kuna kifo kinachoheshimiwa. Lakini lilikuwa swali la pembeni. Lililo katikati ni je, Elesin alikuwa anakwenda, au alikuwa amekwisha kubaki kabla polisi hawajafika?

Kitabu hakilijibu swali hili waziwazi, na ufundi wake umo humo. Sehemu ya tatu inamwacha Elesin akizama katika usingizi wa ngoma. Tunapomwona tena amekwisha kutiwa pingu. Kilichotokea kati ya nyakati hizo mbili hakionyeshwi. Mchezaji akiwa na mwili mzuri na ngoma nzuri, ukumbi mzima unaweza kuamini kwamba mtu anaondoka mbele ya macho yao, na ndipo kurejea kwake kunapokuwa kitisho. Kwenye filamu nilimwona mtu anayecheza kwa bidii, amezungukwa na mavazi ya kupendeza na mwanga uliopangwa kwa uangalifu, lakini hata mara moja sikuhofia kwamba hatarudi. Huu ndio upungufu ambao pande zote mbili za wahakiki zilikuwa zikiuzunguka. Kwangu si wingi wa jukwaa wala uchache wake. Bandele aliiamini tamthilia katika maneno, akaacha kuiamini katika ngoma, mahali ambapo maneno yenyewe yanakoma.

Na kamera ilipata ushindi mmoja ambao jukwaa haliwezi. Bibi harusi hasemi lolote katika tamthilia. Ukumbini ni rahisi kumsahau, akawa ishara ya mbegu na ya wasiozaliwa, kama Soyinka alivyotaka. Skrini inapousogelea uso wa Omowunmi Dada, binti aliyeposwa mahali pengine na kutolewa kwa mtu anayekwenda kufa, ukimya huo unaacha kuwa ishara na kuwa wa mtu. Baadhi wataona hilo ni kuingiza maswali ya leo katika ibada ya jana. Mimi naona swali lilikuwamo tangu mwanzo, kwa sababu Iyaloja mwenyewe anasita kabla ya kukubali.

Wakati bora wa filamu nzima, kwangu, ni wa sikio. Katika tamthilia Olohun-iyo anamwita Elesin kwa sauti ya mfalme aliyekufa, akimuuliza kama bado anamsikia, na majibu yanazidi kuwa mbali. Sauti ya Brymo inaubeba wito huo kwa Kiyoruba chenye toni zake zote, na kwa muda mfupi nilisahau kusoma maandishi ya chini. Laiti Bandele angeizima picha pale, akatuacha gizani na mtu anayeita.