Mgonjwa wa ICU akianza kuharisha tunamlaumu dada wa usafi, je kalamu ya dokta?

Ndugu wakija ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, siku ya tano wakakuta mgonjwa wao ameanza kuharisha, neno la kwanza ni "hospitali hii chafu". Wala siwashangai, mtu kaletwa na nimonia hakuletwa na tumbo, sasa hilo tumbo limetoka wapi kama siyo humu humu ndani. Na jicho la kwanza linamwangukia nesi, la pili dada wa usafi na ndoo yake. Mimi ni nesi kwa hiyo nina upande, naomba mlijue hilo mapema.

Wanaosema usafi wana hoja nzito. Kule Uingereza, hospitali za Maidstone na Tunbridge Wells, kati ya 2004 na 2006 wagonjwa zaidi ya 1,000 walipata kidudu cha C. difficile kinachoharibu utumbo mpana, na ripoti iliyotoka 2007 ikasema vifo kama 90 vilitokana nacho, kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa. Vitanda vimebanana, manesi hawatoshi, wagonjwa wengine wakaambiwa wajisaidie hapo hapo kitandani. Halafu kidudu chenyewe kinatengeneza spora, yani kama mbegu zake ngumu, ambazo sanitaiza haziziui kabisa, yani unaweza ukapaka jeli kila ukitoka kitanda hiki kwenda kingine na bado ukazibeba. Zinataka maji yanayotiririka na sabuni, na vitanda vifutwe kwa klorini. Wodi ambayo maji yanakatika mchana hapo ina shida kweli.

Ila sasa angalieni kilichofuata. Mwaka 2007/08 England ilikuwa na kesi zaidi ya 55,000, miaka mitano baadaye zikawa chini ya 15,000. Wengi wakasema ni sabuni. Lakini kipindi hicho hicho madokta walibanwa wapunguze antibayotiki za kundi la sipro na zile za kundi la seftriaksoni, na mwaka 2017 ukatoka utafiti uliopima vinasaba vya vidudu vyenyewe. Hapa naomba mnielewe taratibu maana ndipo penyewe. Sabuni haichagui, ikipita inaondoa kidudu sugu kwa dawa na kisicho sugu, kwa hiyo kama usafi ndio uliofanya kazi kubwa basi maambukizi ya aina zote yangeshuka pamoja. Hayakushuka pamoja. Pale Oxfordshire aina zilizo sugu kwa sipro zilikuwa kama 67 katika kila kesi 100 Septemba 2006, kufika Februari 2013 zimebaki kama 3, wakati zile zisizo sugu, hata zilizokuwa zinaambukizwa wodini kutoka mgonjwa mmoja kwenda mwingine, hazikupungua kwa kiasi cha maana. Wafagiaji wale wale, sinki zile zile! Kilicholeta tofauti ni kinachoandikwa kwenye cheti, sipro ikipungua kidudu sugu kwa sipro kinakosa upendeleo wake.

Na ICU ndipo dawa hizi zinapomiminwa kuliko popote. Seftriaksoni, metro juu yake, homa isiposhuka meropenemu. Bakteria wazuri wa utumboni wanafagiliwa wote, nyumba inabaki tupu, anayeingia hana wa kumzuia. Tena mara nyingi hata siyo C. difficile: kuna utafiti wa 2022 wa wagonjwa 1,109 wa ICU, zaidi ya nusu waliharisha, waliokuwa na kidudu hicho ni kama 2 tu kwa kila 100. Wengine ni antibayotiki zenyewe, sirapu zenye sorbitoli, sukari inayolegeza choo, tunazopitisha kwenye mpira wa puani, dawa ya kulainisha choo ambayo hakuna aliyekumbuka kuisimamisha. Na sisi tunafanya nini, tunakimbilia kusimamisha uji wa mpirani, wakati miongozo ya lishe inasema usikate chakula kwanza, tafuta sababu huku unaendelea kumlisha. Mgonjwa anaharisha potasiamu, ngozi ya makalio inachubuka, kidonda cha mgongo kinaloa kinyesi, halafu na njaa juu.

Dokta naye ana yake ya kusema na ni ya haki. Mgonjwa presha imeshuka, sepsisi (maambukizi makali ya mwili mzima) imempanda, antibayotiki inatakiwa ndani ya saa moja, na majibu ya kalcha, kipimo cha kuotesha vidudu maabara, yanachukua siku mbili tatu, kama maabara inafanya kalcha kwanza. Akisubiri anazika. Dozi ya kwanza mimi siilaumu kabisa, hata ningekuwa mimi ndiye ningechoma. Ninachogombana nacho ni siku ya saba, homa imeshuka, kalcha imerudi safi, na ile dawa bado ipo kwenye chati kwa sababu hakuna aliyeifuta, na ndugu nao wanaona drip ikitolewa mgonjwa katelekezwa.

Siku hizi raundi ikifika kitandani kwangu nauliza, "Dokta, hii ni siku ya ngapi?" Kuna anayechukua kalamu akaikata hapo hapo. Kuna anayesema tuongeze siku mbili, ananionyesha picha ya kifua, naelewa, naendelea kubadilisha mashuka.